Miwani ya Mwalimu Mwakio

Nimestaafu majuzi tu, na mkono wangu wa kulia bado haujapata habari. Asubuhi naushika mwiko wa uji, kidole gumba kinatafuta mahali pake pa kwenye spana. Basi kabla mkono huo haujasahau, acha niwaandikie nyinyi mliobaki kwenye mabenchi pale Voi, hasa mlioingia juzi mkadhani miwani ilikuwako tangu kiwanda kufunguliwa. Vyeo na mishahara sitagusa. Hayo mnayajua kuliko mimi, maana ndiyo mnayoongea kila mapumziko ya chai.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka Wusi, kwenye baridi ya milimani, nimevaa sweta. Nilikuwa mtu mzima tayari, watoto wameshakua, na kazi niliyoijua ni shamba la kwenye mteremko, mahindi na maharagwe. Joto la Voi lilinivua ile sweta kabla sijafika langoni. Ndani nikakuta kibanda kirefu cha mabati, watu wamekaa safu moja, kila mmoja ameinamia chuma mbele yake, na wote wananung'unika kwa sauti ya chini. Nikadhani nimeingia katikati ya maombi. Nikasimama pale mlangoni, nikainamisha kichwa na kufumba macho.

Aliyenigusa bega alikuwa mwanamume mwembamba mwenye aproni ya bluu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini kila mtu mle ndani alimwita Mwalimu. Huyo ndiye Mwakio.

"Fumbua macho, Mama Righa," akaniambia. "Hapa hatusali. Tunataja."

Kutaja ndiyo kazi niliyofundishwa kabla ya kushika spana. Vifaa vya pampu za maji vilikuja vimefungwa kwenye makasha, sisi tukaviunga, tukazijaribu pampu kwenye tangi, kisha zikaenda kwa wakulima, nyingi zikiishia Taveta na Mboghoni kwenye migomba. Kila hatua uliitaja kwa mdomo kabla mkono haujaifanya. Beringi. Sili. Impela. Nati. Oringi. Kava. Bolti msalaba. Hiyo ya mwisho maana yake ni kukaza bolti kwa kukingamanisha, ukitoka huku unaenda upande wa pili, ili kava ikae sawa. Oringi nayo ni mpira wa duara unaokaa chini ya kava kuzuia maji yasivuje. Sababu ya kutaja, Mwalimu alinieleza bila mapambo: ukisema oringi na mkononi huna oringi, utajisikia mwenyewe ukidanganya.

Pampu ikiisha, humwachii tu mwenzako wa benchi linalofuata. Unaishika kwa mikono miwili, unasema "Pokea." Yeye akishaitia mikono yake anajibu "Nimepokea." Asipojibu, huachii, hata kama ni saa ya chakula na ugali unapoa. Na usipotaja wewe, yeye hajibu. Nimeona watu wawili walionuniana tangu asubuhi wakiwa wameshika pampu moja pande zote mbili, kila mmoja anangoja, mpaka mmoja wao akaanza kucheka. Mchungaji mmoja aliyekuja kubariki kibanda kipya alipita katikati ya safu, akasikia msalaba, pokea, nimepokea, akamwambia meneja kwamba hajawahi kuona wafanyakazi wenye imani kubwa namna hii. Meneja hakumsahihisha.

Vitu viwili vya Mwalimu sitavisahau. Cha kwanza ni sili, kile kipete cha kuzuia maji yasipande kwenye mota. Uso wake hauguswi kwa kidole. Nilipouliza kwa nini, na mikono nimenawa, Mwakio alinipa kioo kidogo cha kujitazamia akaniambia nikiguse. Alama ya kidole ikabaki pale katikati. Akaniambia hiyo ndiyo njia ambayo maji yatapita. Tangu siku hiyo nashika sili kwa kitambaa, na nyumbani wajukuu wananishangaa ninavyoshika sahani.

Cha pili ni namna alivyopokea pampu zilizorudishwa. Mkulima mmoja kutoka Mboghoni alikuja na yake, ameifunga nyuma ya bodaboda, na hasira amezipakia juu yake. Alisema tumemuuzia makopo. Mwalimu hakubishana. Alimpa kiti na chai, akaifungua pampu mbele yake akitaja kila kitu kinyumenyume, na ndani ya impela, lile gurudumu la kusukuma maji, tukamtoa chura, marehemu wa siku nyingi. Yule mkulima alimtazama chura, akanitazama mimi, akauliza kama naye ni wa kiwandani. Mwalimu akamjibu kwamba hapana, huyo ni mgeni, na akamwonyesha jinsi ya kufunga chujio.

Miaka ikaenda hivyo. Ndipo alipokuja Njeri, injinia kutoka Nairobi, na sanduku lenye miwani.

Nyinyi mmeizoea, lakini jaribuni kufikiria mara ya kwanza. Unaivaa, unaona benchi lako lilelile na mikono yako ileile, na juu yake mshale wa kijani unaokuonyesha kifaa cha kuchukua na mahali pa kukiweka. Ukikiweka sawa, kamera iliyo kwenye fremu inakiona, alama ya vema inatokea, na mshale unahamia hatua inayofuata. Shali, jirani yangu wa benchi, aliivaa akaenda nayo hadi kwenye chakula, akaliangalia bonge la ugali kwa muda mrefu, akatutangazia kwamba halijapewa vema. Njeri alicheka kuliko sisi wote, na hapo nikampenda.

Ilikusudiwa wageni, wanaoanza kazi wasijue kitu. Mwakio naye aliombwa aijaribu. Aliivaa, akaunga pampu nzima akitaja kwa sauti kubwa kuliko siku zote, akaivua na kuifuta kioo. Akasema, "Kazi inaijua. Ila haisemi." Nilidhani anatania.

Kisha akaugua. Ilikuwa Jumapili, kanisani, alipokuwa akiinuka kusoma somo. Mkono wa kulia ukalegea, na mdomo ukakataa. Kiharusi. Alikaa hospitali, akakaa nyumbani, akafanyishwa mazoezi mpaka mkono ukarudi vizuri, vidole vyote vikapata nguvu. Maneno hayakurudi. Uliyomwambia aliyaelewa yote, na macho yake yalikuwa yaleyale. Ila akitaka kusema kitu, kilichotoka ni "aa," na tena "aa," halafu anakunja ngumi na kunyamaza.

Nilikwenda kumtazama. Mkewe alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha bomba la maji alilokuwa amelifungua alitengeneze. Alikuwa amefika nusu, akashika mpira wa ndani, akaukazia macho asijue unafuatia wapi. Mke wake alisema alisimama hivyo mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Righa," akaniambia, "huyu akikaa hapa nyumbani ataisha. Mrudisheni kazini, hata kama ni kufagia."

Nikamwambia hatafagia. Sikujua nitatimizaje, lakini nililitamka, na mimi nikishatamka jambo sina raha mpaka liishe. Niliomba kwa Mungu na nikaomba kwa meneja, na kati ya hao wawili meneja ndiye aliyekuwa mgumu. Si mtu mbaya. Alikuwa na oda kubwa ya kikundi cha wakulima wa Mboghoni, na pampu ikivuja shambani, jina linaloharibika si la Mwakio bali la kiwanda chote. Nilimfuata ofisini mpaka akachoka kuniona. Mwishowe alikubali Mwakio arudi benchini wakati oda hiyo ikiungwa. Pampu zake zikikaa kavu kwenye tangi, abaki. Zikivuja, apumzishwe moja kwa moja, na mimi nisirudi pale ofisini kumlilia.

Wazo la miwani lilikuwa la Njeri. Alisema ikiwa kilichopotea ni mpangilio, basi mpangilio umo mle ndani. Mwakio akaivaa, akatikisa kichwa kukubali, akaanza. Mikono yake ilikuwa mitamu kuitazama, utadhani hajawahi kuondoka. Pampu ikaenda kwenye tangi na ikavuja. Tukaifungua tukakuta haina oringi. Ya pili ikavuja, na hiyo ilikuwa na oringi lakini bolti zilikazwa kwa kufuatana badala ya msalaba. Meneja akaziandika zote mbili kwenye daftari lake.

Njeri aliikagua miwani, akakuta mishale yote ilionyesha sawa. Hapo mimi nikaomba nisimame nyuma ya Mwalimu bila kufanya kazi nyingine, nimwangalie tu. Aliweka impela, akaweka nati. Mshale ukahamia kwenye oringi, Njeri alikuwa akiuona kwenye kompyuta yake. Mkono wa Mwakio ukaanza kwenda kwenye oringi. Wakati huohuo Shali, benchi la pembeni, akataja, "Kava." Mkono ukageuka, ukachukua kava.

Nikamwomba Shali ataje impela, hata kama si zamu yake. Akataja. Mwakio, aliyekwisha kushika bolti, akaziweka chini na kunyoosha mkono kwenye sanduku la impela.

Hilo ni kosa ambalo lisingetokea kiwanda kingine chochote. Mtu huyu alijifundisha, na akatufundisha sote, mkono usiende mpaka mdomo utaje. Mdomo wake sasa ulikuwa hautaji, kwa hiyo mkono ulitii mdomo wowote uliokuwa karibu. Mshale aliuona, ila hakuwahi kufundishwa kutii mshale. Aligeuka akanitazama, nikajua naye amekwisha kuelewa. Uso wake ulijaa aibu. Mimi nililia pale pale mbele ya watu, na sioni haya kuandika.

Meneja akaamuru safu nzima inyamaze ili Mwakio asichanganyikiwe. Tulijaribu asubuhi moja. Sijawahi kuona asubuhi mbaya kama ile. Shali alifunga kava akasahau nati ndani. Mimi mwenyewe nilitafuta sili niliyokuwa nimekwisha kuiweka. Na Mwakio, katika ukimya ule, alikaa na mikono mapajani akitazama mshale wake wa kijani, hakugusa kitu. Kabla ya saa ya chai meneja mwenyewe alikuja kutuambia tutaje.

Ndipo nikakumbuka yale Mwakio aliyosema siku alipoijaribu miwani, kwamba kazi inaijua ila haisemi. Nikamuuliza Njeri kama ile miwani inaweza kusema. Akanionyesha kijispika kidogo kwenye mkono wa fremu, karibu na sikio, akasema kumbe tunacho tangu mwanzo na hakuna aliyekiwasha. Sauti iliyokuwamo ilikuwa ya kompyuta, Kiswahili kimenyooka mno, hakina pumzi. Mwakio aliisikiliza kidogo tu, akaivua miwani na kumrudishia Njeri kwa heshima zote.

"Tungepata sauti yake mwenyewe," Njeri akasema.

Hatukuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Ila mle kibandani alikuwamo mtu aliyefundishwa kutaja na Mwakio neno kwa neno, pale pale anapovuta pumzi na pale pale anapokaripia. Njeri alinitazama, na mimi nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

Tulirekodi Jumamosi mchana, safu ikiwa imefungwa. Nilikaa wima, nikasafisha koo, nikaanza kutaja vizuri kama mtu mwenye elimu yake. Njeri alinisimamisha. "Mama," akasema, "mbona ni kama unatangaza tanzia redioni?" Basi akaniambia nisahau kinasa sauti, niunge pampu tu. Nikafunga aproni, nikaunga. Nikataja kama nilivyotajiwa, Kiswahili chetu na Kidawida, lugha ya kwetu, kikiingia pale Mwalimu alipokuwa akikiingiza, na yale makaripio yake yote. Futa mikono. Futa tena. Huo si msalaba, huo ni mzunguko. Nilipomaliza nilishika pampu kwa mikono miwili nikasema "Pokea," na kwa kuwa benchi linalofuata halikuwa na mtu wa kunijibu, rekodi ikaishia hapo. Njeri aliikata sauti ile vipande vipande, kila kipande kikangoja kamera ione hatua iliyotangulia imekamilika.

Jumatatu meneja alisimama kando ya tangi, mikono nyuma. Lori la Mboghoni lilikuwa limekwisha kuegeshwa nje. Mwakio akavaa miwani. Mimi nilipangwa benchi linalofuata, nipokee.

Sauti yangu sikuisikia, ilikuwa sikioni mwake peke yake. Nilichokiona ni kichwa chake kikiinuka kidogo, halafu akafuta mikono, halafu akaifuta tena, na nikaona pembe ya mdomo wake ikicheka. Beringi ikakaa. Sili akaishika kwa kitambaa. Impela, nati. Kisha Shali, ambaye hakuambiwa anyamaze, akataja, "Kava," kwa sauti yake ile ya kuita mbuzi. Mkono wa Mwakio ukaenda kwenye kava, ukaigusa, ukasimama. Mkono ukaiacha kava, ukachukua oringi, ukaikalisha kwenye mfereji wake na kuipapasa kuizunguka, kama alivyotufundisha. Ndipo akachukua kava. Bolti akazikaza msalaba.

Akainua pampu kwa mikono miwili, akanigeukia. Nikatia mikono yangu. Hakuachia.

Nilijua ni neno gani lililokuwa likisemwa sikioni mwake. Nilijua pia sheria, kwamba asipotaja mimi sijibu, na sheria hiyo aliniwekea yeye. Ningeweza kumsaidia. Ningesema tu nimepokea, mambo yakaisha, na kila mtu angeelewa. Sikutaka. Tukabaki tumeshika ile pampu pande zote mbili, meneja akitazama. Midomo yake ikaanza kutafuta. Jasho likamtoka.

"Po," akasema. Akameza mate. "Pokea."

"Nimepokea, Mwalimu."

Pampu ilikaa kwenye tangi muda wake wote na haikutoa hata tone. Meneja aliipitisha kiganja chini yake, akakitazama kiganja, akasema ipakiwe. Mwakio aliunga sehemu yake ya oda ile mpaka lori likaondoka, na benchi lake likabaki lake.

Msidhani maneno yalimrudia yote. Akivaa miwani alianza kutaja pamoja na sauti yangu, neno baada ya neno, kwanza kwa kusitasita na baadaye sawasawa. Akiivua, yalipotea, ikabaki "aa." Daktari alisema inatokea hivyo, kwamba mtu huweza kusema pamoja na mwingine asichoweza kusema peke yake. Njeri aliweka sauti ile kwenye miwani zote, ndiyo maana nyinyi wageni mnakaripiwa na mwanamke ambaye hata hayupo. Nimesikia mnalalamika. Futeni mikono.

Siku yangu ya mwisho nilipewa keki na saa ya ukutani, zawadi ya kumpa mtu ambaye kuanzia kesho hana haja ya kujua ni saa ngapi. Watu walihutubia. Walipokwisha kutawanyika nilikwenda kwenye benchi la Mwakio. Alikuwa amemaliza zamu, miwani ameitundika kwenye msumari wake. Nilikuwa nimeshika spana yangu, ile ya siku ya kwanza aliyonipa yeye, imechakaa mahali pa kidole gumba. Nilitaka kuiacha tu pale mezani na kwenda. Lakini hatukufundishwa kuacha vitu namna hiyo.

Nikaishika kwa mikono miwili. "Pokea," nikamwambia.

Akatia mikono yake. Akaitazama miwani msumarini, akanitazama mimi. Miwani hakuichukua. Neno nililolingoja halimo ndani ya miwani, maana siku ile ya kurekodi hapakuwa na mtu wa kunijibu. Midomo yake ikaanza kutafuta, nami sikuachia. Wafagiaji walipita, wakaona watu wazima wawili wameng'ang'ania spana, wakatuzunguka wakaendelea na kazi yao. Sikuachia.

"Nimepokea," akasema Mwakio.

Nikaachia.